Maoni Chini ya Kitabu cha Profesa

Kuhusu historia ya magonjwa ya mlipuko vimeandikwa vitabu visivyo na idadi, lakini wanafunzi husoma vile tu vilivyomo kwenye mwongozo wa mtandaoni, vilivyochaguliwa na mhariri bingwa na kuwekewa maoni mafupi chini yake. Usipokuwemo, hukuzaliwa. Mwaka huu Mhariri huyo alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Profesa. Mla ni mla leo.

Profesa alikuwa amestaafu, macho yamekwisha, ila ulimi bado mzima. Hakuchoka kupiga simu.

"Mwanangu, kitabu changu kimeingia?"

"Subira huvuta heri, Profesa."

Subira Mhariri aliijua. Wagonjwa wa kitabu cha Profesa aliwahoji yeye, kijiji kwa kijiji, viatu vikimchubua, Profesa akachapisha kwa jina lake peke yake, na kwenye shukrani akamtaja "kijana aliyenisaidia kubeba vifaa." Mpishi hakuachiwa hata mwiko alambe. Hasira hiyo ilimkaa kooni miaka yote, wala hakuwa na haraka ya kuitema.

Kukiacha kitabu nje kungekuwa huruma. Alikiingiza, akaandika chini yake: "Mwandishi hakuwahi kukutana na wagonjwa anaowanukuu. Kisomwe kama mfano wa jinsi utafiti usivyofanywa." Akabonyeza kitufe, akanywa chai yake ingali moto.

Jumamosi akapigiwa simu na binti wa Profesa, ananong'ona toka jikoni.

"Dada, nimeyaona maoni. Baba nimemwambia umemsifu. Sasa kaita ukoo mzima na majirani, anataka uwasomee mwenyewe. Nampelekea simu, itakuwa kwenye spika. Nakuomba, buni chochote. Daktari kasema hana siku nyingi."

Kabla hajajibu, sauti ya mzee ikaingia. "Mwanangu! Nyamazeni jamani, mwanafunzi wangu huyo. Haya, soma."

Vikombe vikatua mezani. Mtoto akanyamazishwa. Mhariri alifungua ukurasa, ingawa maneno alikuwa nayo kichwani, akayasoma kama yalivyo, polepole, kama mwalimu anayesomea watoto imla. Alijisikia vizuri, tena sana.

Kisha Profesa akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba asaidiwe.

"Hapo sikukusikia vizuri, mwanangu. Hebu rudia."

Mhariri akasafisha koo, akarudia kwa sauti ya juu zaidi.