Supu Isiyoonjwa

...kilo tatu tu, na swali lenyewe dogo, umeuza leo asubuhi au hujauza, yule binti wa ukaguzi, Hyejin, kachuchumaa mbele ya meza anafunga magunia ya kome wa baharini kwa kamba nyekundu ya marufuku, hata hamkazii macho, na Malsun anafuta meza iliyo safi, anaifuta tena, aseme nini, sijauza, basi, neno moja, nani atajua... "Shangazi, ujumbe ulitumwa jana jioni, uliupata?" ...aliupata, tena aliusoma mara mbili, kijiko mdomoni, sumu kwenye kome wa ghuba imepita kiwango, wasivunwe wala wasiuzwe, akaigeuza simu kifudifudi kama mtu asiyeona, maana kome wenyewe walikwisha kuvunwa, wamenona, na kila masika ni wimbo huohuo, marehemu mama yake akiucheka, chemsha sana mwanangu, moto ndio daktari... moto gani, juzi tu huyuhuyu Hyejin kawaambia wauzaji wote kwamba sumu hii haijui moto, uichemshe mpaka sufuria itoboke iko palepale, kwanza midomo inakufa ganzi, halafu vidole, halafu pumzi, wakacheka, na Malsun akacheka kuliko wote. "Shangazi?" Nakusikia, mwanangu... lakini Nyanya Okbun, mwenye zile kilo tatu, hatakula kome hao sasa, hapo ndipo pa kushukuru, kawanunua kwa supu ya tambiko la marehemu mumewe, na chakula cha tambiko hakionjwi, hata chumvi unaikisia kwa macho, marehemu ndiye wa kwanza, naye hadhuriki tena, maskini, walio hai wanagawana usiku wa manane, basi muda upo, jioni atapanda kilima na samaki mzuri wa kubadilishana, nyanya nirudishie wale kome, hawakuwa wazuri, yamekwisha, kibali chake cha kuuza kinabaki salama, na Okbun hatauliza mengi, Okbun aliyemlelea mwanawe wa kwanza bila kudai hata asante... Okbun aliyekuja alfajiri anahema, "We Malsun, nipimie vizuri, mzee wangu ukimpunja atakuja kukuvuta miguu usingizini!" wakacheka, akasema nichagulie wakubwa, mjukuu wangu anawapenda, halafu akasema jambo jingine, mfuko tayari mkononi, jambo gani lile, Malsun alikuwa anatafuta chenji... fanya haraka, alisema, mwanangu anarudi Seoul na basi la saa nane, siku hizi hata wafu tunawalisha mchana.

Lo! Mchana, na saa ya sokoni inasema saa sita kasoro kumi, supu iko motoni wakati huu huu, haijaonjwa na mtu, na mtoto wa miaka sita kakaa karibu na meza ya tambiko la babu yake anahesabu kome atakaopewa, na yeye Malsun yuko hapa na kitambaa chake, aibu iliyoje, anasugua mbao.

"Kwa hiyo hujauza," anasema Hyejin, kalamu imeshagusa karatasi.

"Nimeuza. Kilo tatu, kwa Nyanya Okbun, nyumba ya paa la buluu kule kilimani, na ujumbe niliusoma. Utaandika baadaye, mwanangu. Una gari?"