Sauti ya Mama Mkwe

Tamthilia yetu ilikufa kimya kimya. Jumatatu moja tulifika kazini kama kawaida, tukapakwa poda, tukavaa, kisha tukakuta mafundi wanakunja nyaya na kuta za mbao za mahakama yetu ya kuigiza zinapakiwa kwenye lori. Mtayarishaji akatuambia kituo kimeona hakuna watazamaji. Sehemu ya mwisho iliyorushwa hewani inaniacha nimesimama mlangoni mwa mahakama, nataka kusema jambo litakalomwokoa mume wangu. Mpaka leo sijalisema, na huyo mume wa watu sijui alifungwa miaka mingapi.

Mimi ndiye nilikuwa mhusika mkuu. Sisemi hivyo kujisifu, nasema ili ujue lawama ziliangukia wapi. Yule aliyecheza karani wa mahakama alipata kazi nyingine kabla poda haijamtoka usoni. Mimi kila nilipobisha hodi niliambiwa sura yangu imezoeleka mno. Imezoeleka na nani, jamani, ikiwa kituo chenyewe kimesema hakuna aliyetutazama? Mtayarishaji mmoja nilimuuliza swali hilo hilo uso kwa uso. Simu yake sikuiona tena.

Nikarudi kwa mama. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi zangu mbili tatu, nikalala tena kwenye chumba nilichokuwa nikisomea nikiwa shule. Kaka yangu, ambaye anauza vifaa vya ujenzi, alikuwa anafungua duka la pili na alitaka mtu wa kuaminika wa kukaa kaunta. Hakuna mtu anayenijali kuliko kaka, hilo nalikubali. Lakini aliweka sharti lake wazi: nikiingia dukani ndiyo nimeingia, hataki mtu wa kukimbilia usaili wa filamu katikati ya wiki akiacha wateja wanasubiri misumari. Alinipa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata nimjibu. Kwa hiyo kama ningesema ndiyo, uigizaji ungekuwa umekwisha, na mimi sikuwa na kitu kingine nilichowahi kukipenda.

Mama yeye alishanijibia. Mama hapigi kelele. Wengine wakikasirika hupandisha sauti, yeye huishusha. Halafu anakuuliza swali ambalo jibu lake limo humo humo ndani. "Kwa hiyo umejaribu, au bado unajaribu?" Ukishindwa kujibu anavuta pumzi puani na kusema "haya", na hiyo haya yake inamaanisha ameshanawa mikono. Nilizisikia haya hizo asubuhi na jioni.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwenye saa zetu kituo kiliweka tamthilia ya ng'ambo, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nyumba kubwa, ngazi za marumaru, watu wanaolia wakiwa wamevaa hereni. Niliapa mbele ya kila aliyetaka kusikia kwamba sitaitazama hata nikifungwa kamba. Mama aliianza siku ya kwanza, kwenye kiti chake kile kile alichokuwa akisinzia wakati wa tamthilia yangu. "Hii sasa ndiyo tamthilia," alisema, na wala hakuwa ananichokoza. Alikuwa anasema tu anavyoona.

Ndipo nikapigiwa simu na Rudia. Huyo ndiye anayesimamia utiaji sauti wa hiyo hiyo tamthilia, na kila mtu anamwita Rudia kwa sababu neno hilo hulitoa mdomoni kabla ya salamu. Alisema katika hadithi kunaingia mtu mpya, mama mkwe aliyekuwa safarini, na anahitaji mwanamke mwenye pumzi ya jukwaani. Nikamuuliza kama anajua kwamba sura yangu imezoeleka. Akasema sura hawaihitaji kabisa. Nilikata simu nikiwa na hasira, nikakaa nayo kidogo, kisha nikampigia mwenyewe kumuuliza nifike saa ngapi. Nyumbani nilisema tu kwamba nimepata vibarua vya studio. Sikutaja studio gani, maana kiapo changu kilikuwa bado kibichi.

Chumba chenyewe ni kidogo, kuta zimebandikwa spongi, hakuna feni kwa sababu feni inasikika. Unavaa hedifoni, unasimama mbele ya maiki, mkononi una karatasi ya maneno, na macho yako yako kwenye skrini, kwenye mdomo wa mtu mwingine. Mdomo huo ukifunguka, nawe unafungua wako. Ukifumba, uwe umeshamaliza. Kwao neno moja fupi, kwetu linaweza kuwa sentensi nzima, kwa hiyo unapunguza, unabana, unameza silabi, na bado iwe hasira au huzuni. Nilidhani nitaiweza kabla ya chai. Nilimtolea huyo mama mkwe sauti ya malkia, sauti ya mchawi, sauti ya hakimu. Rudia akasema rudia, rudia, rudia, mpaka fundi mitambo akaanza kunionea huruma.

"Unaigiza," Rudia akaniambia.

"Nilidhani ndicho mlichoniitia."

Akanionyesha tena kipande kile. Mama mkwe anaingia jikoni, anapitisha kidole juu ya kabati, anakitazama kidole, halafu anamtazama mke wa mwanawe. Mdomo wake haufunguki sana. Nikautazama vizuri ule mdomo. Nikasema, ee, huyu namjua. Nikashusha sauti badala ya kuipandisha, nikauliza lile swali lenye jibu ndani yake, nikavuta pumzi puani, na kwa kuwa mdomo wa yule mama ulifunguka tena kidogo mwishoni na karatasi haikuwa na neno la kuweka pale, nikaweka haya. Rudia akasema tugeuze ukurasa.

Sehemu ile iliporushwa nilikuwa sebuleni, nimejifanya nakunja nguo. Mama mkwe aliingia jikoni. Mama yangu akajiinua kwenye kiti, akaongeza sauti kwa rimoti. Nilikunja shati moja mara nyingi kuliko shati linavyokunjika.

"Huyu ndiye mwenye akili pekee mle ndani," mama akasema baadaye.

Kuanzia hapo akawa shabiki wake. Kila alichosema mama mkwe, mama alikiunga mkono. Mkwe akilia, mama alimwambia aache kudeka, na sekunde chache baadaye mama mkwe naye, yaani mimi, yaani mama, alimwambia vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nakimbilia jikoni kuchekea huko. Sikuona dalili yoyote kwamba amejitambua, na nikaona heri iwe hivyo, maana mama si mtu wa kufanyiwa mzaha.

Mama mkwe akawashika watazamaji. Siku moja nilikuwa saluni na mwanamke aliyekuwa anakaushwa nywele akawa anawaigizia wenzake, anashusha sauti, anavuta pumzi, anasema haya. Saluni nzima ikavunjika mbavu. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili yake na hakuna aliyenitupia jicho. Nilifurahi kweli kweli, na pia niliumia kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Tamthilia yangu ambayo uso wangu ulikuwa kwenye mabango hakuna aliyewahi kuiigiza saluni.

Wiki ile ile ambayo kaka alikuwa anangojea jibu lake, Rudia alinipa karatasi mpya. Nikazisoma nimesimama korido. Mama mkwe anaugua, analazwa, anafariki. Nikamuuliza Rudia baada ya hapo mimi nafanya nini. Akasema kuna tamthilia nyingine wakubwa wanaizungumzia, ila mkataba haujatiwa saini, na kwamba kifo hiki kikiwagusa atanisemea nipewe sauti ya mhusika mkuu. Atanipigia simu. Nimekaa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua "nitakupigia" maana yake ni nini. Hata hivyo ndiyo nafasi pekee niliyokuwa nayo, na ilikuwa kwenye kile kifo.

Sasa niambie wewe. Mama yangu ana presha, vidonge vyake viko pale karibu na rimoti. Mimi nisimame kwenye maiki, nichukue sauti yake, niiue kidogo kidogo, niirembe, ili nipate kazi? Nilishikwa na woga wa kitoto, woga wa kujitabiria mabaya. Nilipoingia chumbani nikajaribu kuikwepa. Nilimpa mgonjwa yule sauti nyingine, nyembamba, ya huruma, ambayo haikuwa ya mtu yeyote ninayemjua.

Rudia akasimamisha. Akauliza huyu ni nani, na mama mkwe ameenda wapi. Nikajaribu tena, akasimamisha tena. Akasema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko rudia zake, kwamba kama siwezi niseme, atamtafuta mtu. Nikaomba dakika. Nikatoka nje, nikasimama karibu na jenereta ambapo huwezi kusikia hata mawazo yako, nikaliangalia lile duka la kaka kichwani mwangu, ndoo za rangi zilizopangwa na mimi katikati yake mpaka nizeeke. Nikarudi ndani nikavaa hedifoni.

Katika kipande chenyewe mama mkwe anamshika mkono mke wa mwanawe. "Nisamehe, mwanangu," anasema. "Nilikuwa nakuogopa." Halafu hasemi tena. Pumzi za mwisho hazimo kwenye karatasi, unazitoa mwenyewe kwa kutazama kifua cha yule mama kwenye skrini, kinavyopanda na kushuka. Nilizitoa zote kwa sauti ya mama, mpaka kifua kile kikasimama. Nilipovua hedifoni nilikuwa nimelowa machozi na jasho. Fundi mitambo aliinamia vitufe vyake. Rudia hakusema rudia, alisema asante, na akanitolea mkono.

Siku ya kurushwa nilifanya kila hila mama asiitazame. Nilimwambia twende tukamsalimie shangazi, akasema shangazi naye anaitazama. Nilisema nimesikia umeme utakatika. Nilifikia hatua ya kusema runinga inatoa harufu ya kuungua.

"Kaa chini," mama akasema.

Nikakaa. Tukamtazama mama mkwe akilazwa. Mama hakuunga mkono wala kupinga kitu. Mama mkwe alipofika pale pa kumshika mkwe wake mkono, mama aliweka rimoti chini. Pumzi zikaanza, zikapungua, zikaisha, muziki ukaingia. Mimi nilikuwa natazama sakafu.

"Mimi nikifa nitahema hivyo?" mama akauliza.

Nikamuuliza amejua lini.

"Siku ya kwanza. Kwani mimi sijui ninavyosema?"

Nikamuuliza kwa nini muda wote huo hakuniambia. Akasema alitaka kuona nitampeleka wapi. Nikaanza kumwomba radhi, kwamba sikuwa namdhihaki, kwamba ilikuwa sauti pekee iliyokubali, kwamba kile kifo nilitaka kukikataa. Akanyanyua kiganja nikanyamaza.

"Umenipata kila mahali," alisema. "Ila pale pa kuomba msamaha hukunipata. Mimi nisingesema."

"Waliandika wao, mama."

"Najua. Lakini wewe ulilisema vizuri."

Nilisubiri aendelee. Mama ananisifu, na hakuna swali ndani yake, sikuwa nimezoea. Badala ya kuendelea alichukua simu yake, akaisogeza mbali na macho kama anavyofanya kutafuta majina, akampigia kaka. Alimwambia kuhusu lile duka atafute mtu mwingine. Nilisikia sauti ya kaka ikilalamika mle kwenye simu kwamba mwisho wa mwezi umefika, kwamba mimi nimemweka roho juu, na kuuliza mimi nafanya nini hasa siku hizi. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Dada yako ana kazi," akamwambia, akakata.

Sikuwa na kazi. Karatasi za mama mkwe zilikuwa zimekwisha na Rudia hakuwa amenipigia. Ilinipasa niseme ukweli pale pale, kaka apigiwe tena kabla hajamtafuta mtu mwingine, na nilijua kabisa kwamba nikinyamaza lile duka limeondoka.

"Kesho unaingia saa ngapi?" mama akaniuliza.

"Saa tatu," nikasema.

Akaniambia nikalale mapema basi, nisiende kazini na macho mekundu. Kesho yake saa tatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Rudia, bila kuitwa.