Khanga ya Droo ya Juu

Kabla watu hawajamlaumu Violet, na baadaye walimlaumu sana, naomba kwanza tulitendee haki lile kasha. Lilikuwa kasha dogo la chuma, unene wa Biblia ya mezani, limekazwa kwa skrubu ndani ya kabati la kando ya kitanda, upande anaolala yeye. Juu lilikuwa na vitufe vinne. Ukivibonyeza kwa mpangilio unaoujua wewe, kifuniko kinajifungua, na bastola iko mkononi kabla usingizi haujakutoka. Mwalimu aliyewafundisha yeye na mumewe walipokuwa wanatafuta kibali cha mume cha kumiliki silaha alirudia jambo moja mpaka likawachosha: iwe karibu na mkono wako, iwe mbali na mkono wa mtu mwingine yeyote. Kasha lile liliyaweza yote mawili, ilimradi lilikuwa na betri.

Sasa betri zikaisha.

Respicius, mumewe, anaendesha malori ya masafa marefu. Bastola aliinunua mwaka jana, baada ya mtu kukitikisa kitasa cha mlango wao wa nyuma pale Lanham, huku Marekani, yeye akiwa Nebraska na Violet akiwa peke yake ghorofani, amejikunyata kwenye sakafu ya bafu na simu mkononi. Tangu hapo Violet hakuweza kulala bila kile chuma karibu, ingawa mbele za watu hakuthubutu kulisema hilo. Ufunguo wa dharura, ule wa kutumia betri zikifa, Respicius aliufunga pamoja na funguo za lori ili usipotee. Na kweli haukupotea. Ulikuwa unazunguka Marekani nzima.

Kasha lilipoanza kulia pi, pi, Violet alisema atanunua betri Jumamosi. Jumamosi akaitwa kazini Wheaton, kwa bibi mgonjwa anayemuuguza, na wiki iliyofuata vitufe vikakataa kabisa. Respicius aliporudi alilifungua kwa ufunguo, akamwambia nunua betri, akakiacha kifuniko wazi, akaondoka na ufunguo wake. Violet akawaza kama ambavyo wengi wetu tungewaza: kasha lisilofunguka siku ya hatari lina faida gani? Akaitoa bastola, akaizungushia khanga ya mama yake, ile ya zambarau aliyotumiwa kutoka kwao Kamachumu, akaiweka kwenye droo ya juu ya kabati lilelile. Nyumba haikuwa na mtoto. Miaka kumi na mmoja ya ndoa haikuwa na mtoto, madaktari wamepima mpaka wamechoka, kwa hiyo nani angekwenda kupekua droo? Betri alizinunua Alhamisi. Zikabaki kwenye buti la gari pamoja na sabuni na mchele.

Jumapili alfajiri kaka yake akapiga simu kutoka Bukoba. Mama yao, Anna, alikuwa amefariki.

Waliowahi kufiwa ughaibuni wanajua kinachofuata. Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp, msiba uko kwa Violet, Lanham, na ikifika saa nane mchana mlangoni pamejaa viatu. Wanaume walihamishia makochi gereji. Wanawake wakashusha godoro la chumba cha wageni, wakalitandika sebuleni, wakamkalisha Violet juu yake, na kuanzia hapo hakuwa tena mwenye nyumba. Alikuwa mfiwa. Mfiwa hapiki, hafungui mlango, haoshi hata kikombe alichonywea. Serah, Mkenya wa nyumba ya tatu, alishika jiko kama lake. Na simu ya Violet ilichukuliwa, kwa nia njema kabisa, ili asisumbuliwe na kila anayetaka kulia naye.

Aliyeichukua ni Mwatumu, shoga yake wa Tanga, waliyesoma naye kozi ya uuguzi wa majumbani miaka saba iliyopita. Mwatumu alikaa godoroni, mkono mmoja umezunguka kiuno cha Violet, na mkono ule haukubanduka. Violet aliupenda. Aliuhitaji, kwa sababu hata kwenda kuzika hakuweza. Makaratasi yake yalikuwa bado ofisi ya uhamiaji, na akitoka nchini asingerudi. Mama yake angezikwa kesho yake, na yeye angeangalia kwenye skrini kama mtu anayeangalia mpira. Alilia kwa hilo kuliko kwa kifo chenyewe, na Mwatumu akamwambia lia, mimi nipo.

Ilikuwa Februari. Kila aliyeingia alivua koti, na makoti yakapandishwa juu, yakarundikwa kwenye kitanda cha Violet. Watoto nao, kwa kuwa walikuwa wanapiga kelele kwenye sala, wakapandishwa huko huko na kuwekewa katuni. Hakuna aliyemuuliza. Nani amuulize mfiwa mambo ya makoti?

Alisikia miguu. Ilikuwa inakimbia juu ya kichwa chake, midogo, mingi, ikienda na kurudi, na Violet akaifuata kwa masikio kama anayehesabu vyumba. Hicho si chumba cha wageni. Hicho ni chumba chetu. Hapo ndipo alipokumbuka droo.

Akasema anataka kwenda chooni. Wakamsindikiza wawili, wakampeleka cha chini, wakamngoja mlangoni, wakamrudisha. Ngazi ilikuwa hatua tano kutoka pale na hakuikanyaga.

Kwa nini hakusema? Ningependa nimtetee, lakini acha niseme ilivyokuwa. Mwaka jana, wakiwa kwenye gari, Mwatumu alikuwa amemwambia kwamba nyumba yenye bastola wanawe hawatakanyaga, hata iwe ya ndugu wa tumbo moja. Violet akaitikia kwa kichwa, na bastola ilikuwa na miezi miwili kando ya kitanda chake. Wana wenyewe, Nuha wa miaka kumi na Taufiq wa miaka sita, ndio waliokuwa wakilala kwa Violet, Mwatumu akiwa zamu. Siku hizo Violet alikuwa anafunga kasha, anajaribu kifuniko mara tatu, na kulala akiwa ameshika vitufe. Hao watoto aliwapenda kwa pupa, kama mtu anayekula chakula cha kuazima. Kusema sasa kulikuwa na maana ya kuwapoteza. Akatafuta njia nyingine.

Akasema anataka kupanda kubadilisha nguo, avae kitu cha kimsiba.

“Hapana, shoga yangu, wewe usinyanyuke,” akasema Mwatumu. Akainua sauti kuelekea ngazini. “Nuha! Hebu mtafutie anti Violet khanga humo chumbani. Check kwenye madroo.”

Nuha akaitikia okay kutoka juu.

Hapa ndipo ninapotamani kumshika Violet mabega nikamtikisa. Alikuwa na muda. Ilikuwa ni kutamka neno moja tu, na mtoto angesimama. Lakini wanawake walikuwa wanaimba, Mwatumu alikuwa anampapasa mgongo, na yeye akaisikiliza tu miguu ya Nuha ikivuka chumba juu yao, ikisimama, halafu ikivuka tena. Droo ya juu ilikuwa nzito kidogo. Alisikia ikigonga.

Nuha akashuka mbio na khanga ya zambarau. Haikuwa na kitu ndani. Ilikuwa imekunjuka, nyepesi, inapepea ngazini, na Mwatumu akaipokea, akaipitisha kiunoni mwa Violet na kuifunga fundo. Ilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwa mama. Violet akaishika kwa mikono miwili, akajaribu kusimama, na mikono mitatu ikamrudisha chini.

“Kuna bastola chumbani,” akasema.

“Pole, mama,” akasema mwanamke wa nyuma yake.

“Kuna bastola. Ilikuwa kwenye hii khanga. Watoto wako huko.”

Serah, aliyekuwa anapita na sinia, alitikisa kichwa kwa huruma. “Huyu amechoka. Hajalala. Mwacheni a-cry tu.”

Ndivyo walivyomsikia. Mwanamke aliyefiwa na mama, hajala tangu alfajiri, anatamka jambo ambalo halipo kwenye nyumba ya Violet mpole wa kwaya. Wangeamini vipi? Mmoja akaloweka kitambaa akampangusa uso. Mwingine akasema apewe chai yenye sukari. Mwatumu akamkumbatia kwa nguvu zaidi, akawa anamyumbisha kama mtoto anayebembelezwa, na Violet akajua kwamba mikono hii inayompenda ndiyo inayomzuia. Akajitupa, wakamdaka. Akapiga kelele, wakalia naye. Hakuwahi kuwa mnyonge namna ile, hata siku ile bafuni. Siku ile angalau mlango ulikuwa wa kwake kuufunga.

Aliyemwelewa ni Mzee Ezekiel, mwenyekiti wa chama cha Watanzania wa upande ule, aliyekuwa amesimama na kitabu cha sala. Alimtazama Violet usoni, kisha akaitazama khanga. Akampa jirani yake kile kitabu, akapanda ngazi, mtu wa miaka sitini na nane mwenye magoti mabovu, hatua moja moja, akishika ukuta.

Wimbo ukaendelea. Violet alisikia katuni zikizimwa. Alisikia sauti nzito ikiuliza kitu, kisha ikiuliza tena. Mkono wa Mwatumu ukalegea kidogo kiunoni.

“Violet,” akasema polepole. “Ulikuwa unasema kweli?”

Violet akaitikia kwa kichwa.

Watoto walishuka kwanza, wamepanga mstari. Wa mwisho alikuwa Mzee Ezekiel, amembeba Taufiq mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alining'iniza koti jeusi la kike, kwa ukosi, mbali na mwili, kama mtu aliyebeba nyoka. Wote walilijua lile koti. Lilikuwa la Mwatumu.

Maelezo yalitoka vipande vipande, kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo wanavyojibu wakiogopa. Nuha alisema alipovuta khanga kitu kizito kilianguka ndani ya droo, akadhani ni kifaa cha anko Respicius, akafunga, akashuka. Taufiq alisema yeye ndiye aliyeifungua droo tena akaiona, si wale wengine. Aliitia kwenye mfuko wa koti la mama yake ili wakubwa wasimnyang'anye. Alikuwa anangoja wafike nyumbani ndipo acheze nayo.

Mwatumu hakupiga kelele. Alinyanyuka godoroni, akamchukua mwanawe, akamkagua vidole kimoja kimoja kama anavyokagua baada ya kumkata kucha. Halafu akamkagua tena.

Mmoja wa wanaume alisema waite polisi. Watu wakatazamana, maana nyumba ile ilikuwa na wengi ambao makaratasi yao yalikuwa kama ya Violet au mabaya zaidi, na wazo likafa lilipozaliwa. Mzee Ezekiel akauliza kama kuna pa kuifungia. Violet akamwambia kuhusu kasha, na kwamba betri ziko kwenye buti la gari. Mzee akatoka kwenye baridi bila koti, akarudi na pakiti, akapanda tena na magoti yake. Baada ya dakika chache wote walisikia pi moja fupi, kisha kifuniko kikijibana. Kasha likafanya kazi yake vizuri kabisa.

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo lililomuumiza. Walioondoka kwanza walikuwa wenye watoto, wakisema kesho shule. Kisha wasio na watoto wakakumbuka foleni ya barabara kuu, siku ya Jumapili. Kila mmoja aliinama, akampa mkono, akasema pole kwa msiba, na hakumwangalia machoni. Serah alifunika vyungu kwa karatasi ya foili, akaandika juu yake kipi ni pilau na kipi ni kuku. Mzee Ezekiel alisema atajitahidi kurudi kesho kwa ajili ya mazishi ya mtandaoni, akilichagua kila neno.

Mwatumu alikuwa wa mwisho. Alivaa koti la mtu mwingine, lake aliliacha sakafuni. Alisimama mlangoni, mtoto mmoja kila upande, akaitoa simu ya Violet mfukoni na kuiweka juu ya rafu ya viatu, kwa utaratibu.

“Walikuwa wanalala hapa,” akasema.

Violet alitaka kumwambia kwamba siku zile kasha lilikuwa linafungwa, mara tatu, kila mara. Lakini aliona jinsi ambavyo lingesikika. Nuha alianza kupunga mkono, mama yake akaushusha.

Sebule ilikuwa pana bila makochi. Godoro lilikuwa katikati, na Violet juu yake, na khanga kiunoni na fundo alilofungwa. Ngazi ilikuwa hatua tano. Tangu mchana alikuwa anaitamani, na sasa hapakuwa na mkono hata mmoja wa kumkalisha. Alijaribu kuinuka na miguu haikukubali.

Simu ililia kwenye rafu. Ilikata, ikalia tena, na mara ya tatu akatambaa mpaka pale na kuipokea. Ilikuwa sauti ya Respicius, na ngurumo ya lori nyuma yake. Alisema amegeuza, anakuja, siku mbili atakuwa amefika. Alisema anaumia kwamba hayupo, ila angalau moyo wake umetulia kidogo, kwa sababu anawajua watu wa Lanham.

“Wamejaa hapo?” akauliza.

Violet aliangalia kapeti, pale viatu vilipokuwa. Palikuwa na alama za maji ya theluji tu.

“Wamejaa,” akasema.