Nafasi ya Harm

Wazo lilikuwa la Lammert mwenyewe, na hapo ndipo penye uchungu. Lingekuwa la mtu mwingine, angemlaani kimoyomoyo kila Jumapili na roho yake ingetulia. Lakini mdomo uliomponza ulikuwa wake.

Walikuwa wametoka kumzika Harm Kuipers, wamekaa kwenye ukumbi wa kijiji wanakunywa kahawa, kila mtu na kipande chake kimoja cha keki kama inavyopasa. Harm alikuwa amefia bustanini akipunguza matawi ya ua, moyo umesimama ghafla. Jumapili iliyotangulia mtu huyohuyo alikuwa amewatangulia wenzake kwa baiskeli, akawavuta dhidi ya upepo kutoka kijiji cha Schoonebeek mpaka nyumbani, wala hakutweta. Sasa mezani walibaki wanne. Kulikuwa na Roelof, aliyekuwa msimamizi kwenye kiwanda cha wanga wa viazi na ambaye mpaka leo hajaambiwa kwamba amestaafu kusimamia watu. Kulikuwa na Hilbert, mkulima mwenye mgongo mpana. Kulikuwa na Wubbo, fundi bomba, ambaye anaweza kumaliza safari ya nusu siku bila kutamka neno na akirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba walizungumza sana. Na Lammert, mpeleka barua mstaafu, aliyekaa nyuma ya gurudumu la Harm kwa miaka ishirini.

Kimya kilimzidi Lammert. Akasema wasiijaze nafasi ya Harm kwenye mstari. Waiache wazi mwaka mzima, kwa heshima.

Roelof aliitazama keki yake. "Si mbaya," akasema.

Kwa watu wa Drenthe, mkoa wao huo wa Uholanzi, hapo ni kama umepigiwa vigelegele. Hilbert akaitikia kwa kichwa, Wubbo naye, na jambo likapita.

Sasa, asiyewahi kuendesha baiskeli ya mbio kwenye mbuga zile anaweza kuuliza, nafasi wazi ina kosa gani? Ina kosa, bwana. Nchi ile ni bapa. Babu zao waliuchimba udongo wake mweusi unaowaka kama kuni, wakauchoma kwenye majiko mpaka ukaisha, wakaacha mifereji iliyonyooka na majani mafupi ya rangi ya kutu. Hakuna kilima, miti ni ya kuhesabika, na upepo unatoka baharini unakuja moja kwa moja kukutafuta wewe. Kwa hiyo watu hupanga mstari, gurudumu linakaribia kugusana na gurudumu. Wa mbele anakula upepo, wa nyuma wanapumzika mgongoni kwake. Kila mtu anavuta kutoka daraja moja la mfereji mpaka la pili, kisha anajitoa pembeni na kurudi mkiani, na anayemfuata anashika. Harm peke yake ndiye aliyekuwa akivuta madaraja mawili. Hakuna aliyemwomba, wala hakuna aliyemkataza.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi Roelof alivuta daraja lake, akarudi nyuma. Hilbert akavuta lake, akarudi nyuma. Halafu ikafika zamu ya Harm. Mbele ya Lammert palikuwa na nafasi ya urefu wa baiskeli, haina mtu, na upepo ukapita hapo kama mlango umeachwa wazi. Lammert akavuta. Akavuta daraja la kwanza la Harm, akavuta la pili la Harm, na alipofika hapo ikawa zamu yake mwenyewe, akavuta na lake. Aliporudi mkiani alitarajia kupumzika nyuma ya Hilbert, akakumbuka kwamba nyuma ya Hilbert yupo Harm. Akabaki huko upeponi, nyuma ya marehemu, mpaka nyumbani.

Waliposhuka Roelof alisema imekuwa siku nzuri. Lammert aliitikia kwamba si mbaya, akaenda kulala na viatu.

Ikawa hivyo Mei, ikawa hivyo Juni na Julai. Lammert alijikaza kisabuni. Alikunywa maji ya bitiruti ambayo mkewe alisoma mahali kwamba yanaongeza pumzi, na kitu pekee kilichobadilika kikawa rangi ya mkojo. Alianza kutamani mvua siku za Jumamosi jioni. Lakini angesemaje? Aseme kwamba rafiki yake amekuwa mzito tangu afe? Aseme kwamba heshima aliyoitangaza siku ya mazishi inamchosha mapaja? Heri kufa na tai shingoni.

Na kufa kulikuwa kunakaribia. Agosti aliachwa kwa mara ya kwanza. Aliwaona wanaume watatu wanapungua mbele yake kwenye barabara isiyo na kona, wakawa wadogo, wakawa vidoa, na kwa sababu nchi ni bapa aliendelea kuwaona wakimwacha kwa muda mrefu ajabu. Walimsubiri kwenye kituo cha kahawa. Hilbert alimsogezea sukari.

Septemba akaachwa tena. Safari hii Roelof alimvuta pembeni, akamwambia kwa upole, upole wa mtu aliyewahi kuwafukuza watu kazini, kwamba kuna kundi la Alhamisi. Lammert alilijua kundi la Alhamisi. Ni watu wanaoendesha na mikoba ya mikate, wanasimama kuwapiga picha korongo, na anayetangulia anageuka nyuma kuwauliza wenzake kama wote wazima.

"Nipe Jumapili moja zaidi," Lammert alisema.

"Moja," Roelof akasema.

Njiani kwenda nyumbani Lammert alilia kidogo, kwa hasira. Miaka ishirini ya Jumapili zake, na hakuwa na Jumapili nyingine za kuzipeleka popote. Mkewe alikuwa na kwaya, watoto walikuwa mbali, mjini Utrecht. Alichokuwa nacho yeye ni mstari ule.

Jumamosi akapanda baiskeli ya kawaida, ile ya kwendea dukani, akaenda kwa Hillechien, mjane wa Harm. Hillechien alimkaribisha jikoni, akamimina kahawa, akafungua kopo la biskuti, Lammert akachukua moja, kopo likafungwa. Walizungumza habari za viazi. Walizungumza habari za jirani aliyepaka mlango rangi ya machungwa. Baada ya hapo Hillechien akamwuliza amefuata nini, maana viazi vyake anaviona kila siku.

Lammert alisema ni kuhusu nafasi ya Harm.

"Nafasi gani?"

"Kwenye mstari. Tumeiacha wazi, shemeji. Mwaka mzima, kwa heshima yake."

Kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia. Hillechien aliweka kikombe chini. Alikuwa ameolewa na baiskeli miaka arobaini na hakuhitaji kuchorewa picha.

"Na nyuma yake yupo nani?"

"Mimi."

"Zamu yake ya kuvuta?"

"Navuta mimi."

"Madaraja yote mawili?"

"Yote mawili, halafu na langu," Lammert akasema. Hillechien akamwuliza ni mpumbavu gani aliyeleta wazo hilo, na Lammert akasema ni yeye.

Hapo Hillechien alifanya kitu ambacho Lammert hajawahi kukiona kwenye jiko lolote la upande ule. Alilifungua kopo mara ya pili.

"Sikiliza, shemeji," akasema. "Wiki za mwanzo nililala ukingoni, upande wangu, nikamwachia upande wake. Mgongo ukaniuma. Siku hizi nalala katikati ya kitanda, miguu nimeitawanya hivi. Hajalalamika."

Lammert alisema hakuja kuomba ruhusa.

"Umekuja kuomba ruhusa. Kula biskuti."

Akala.

Kesho yake upepo ulikuwa wa kutoa watu machozi. Waliondoka wanne, na Harm, wakaishika barabara inayokatiza mbugani, ambayo haina nyumba wala ua wala ng'ombe wa kujificha nyuma yake. Roelof alikuwa mbele ameinama kwenye usukani, Hilbert nyuma yake, halafu ile nafasi, halafu Lammert, na Wubbo akifunga mkia. Hata robo ya njia hawajafika, mapaja ya Lammert yalianza kuwaka. Gurudumu la Hilbert likaanza kusogea mbali, kidogo tu, vilevile lilivyoanza mara zile mbili.

Lammert akajisemea, sasa ama basi. Akasimama juu ya pedali, akasukuma kwa nguvu zote zilizobaki, akapita katikati ya nafasi ya Harm mpaka gurudumu lake likafika nyuma ya lile la Hilbert, karibu kabisa, akakaa.

Alingoja mtu aseme neno. Hilbert hakugeuka. Wubbo naye akasogea akaziba kwa nyuma.

Na upepo ukakoma. Haukukoma duniani, majani ya mbugani yalikuwa bado yamelala chini, lakini pale nyuma ya mgongo mpana wa Hilbert palikuwa shwari kama chumbani. Mapaja yakapoa. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili Lammert alisikia mnyororo wake ukizunguka, akapata nafasi ya kuinua macho na kutazama mbele. Miguu iliyokuwa ikipanda na kushuka mbele yake ilikuwa minene, yenye vinyweleo vyeupe. Haikuwa ya Harm. Harm alikuwa na miguu myembamba, na kwenye kigimbi cha kushoto kovu la mnyororo, na Lammert alikuwa amelitazama kovu lile Jumapili baada ya Jumapili kuliko alivyowahi kuutazama uso wa mkewe.

Miezi yote ile alikuwa anapigana na upepo. Hakupata hata dakika ya kumwazia rafiki yake kitu kingine zaidi ya kwamba anachosha. Sasa alipata. Harm amekufa, Lammert aliwaza, hayupo mbele yangu na hatakuwapo tena. Akaanza kulia. Si yale machozi ya upepo ambayo kila mwendesha baiskeli anayo. Alilia kwa mabega, pua inatiririka, baiskeli inayumba, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi kwenye usukani, hakuweza hata kujifuta.

Wubbo, aliyekuwa nyuma, aliyaona mabega yale. Akafungua mdomo.

"Tairi!" akaita.

Hilbert akalipokea neno akalipeleka mbele, Roelof akainua mkono, mstari wote ukasimama kando ya barabara. Roelof na Hilbert wakarudi nyuma kwa Wubbo, wakampa Lammert migongo. Lammert akaiegemeza baiskeli yake kwenye nguzo, akaenda kusimama ukingoni, akatazama kondoo.

Tairi la Wubbo lilikuwa gumu kama jiwe. Roelof aliinama akalibonyeza kwa kidole gumba. Akalibonyeza upande mwingine.

"Limepungua kidogo," akasema.

Hilbert naye akainama, akabonyeza. Akakubali kwamba limepungua kidogo. Wubbo akatoa pampu, akaifungua taratibu, akalijaza upepo tairi ambalo halikuwa na mahali pa kuuweka. Kisha wakalibonyeza tena, mmoja mmoja, na kulijadili, wanaume watatu kwenye upepo ule wa kukata masikio, bila haraka yoyote, mpaka Lammert alipomaliza.

Alirudi amejifuta kwa glavu, macho mekundu. Hakuna aliyemtazama. Akainama, akalibonyeza tairi.

"Ni kweli," akasema. "Lilikuwa limepungua."

Roelof akapanda baiskeli yake, akafunga vizuri kofia. "Haya, twende," akasema. "Lammert, wewe kaa palepale nyuma ya Hilbert."