Vigelegele vya Kumuaga Somoe

Wazazi wenzangu, haya niliyaota mchana, jua linawaka. Asubuhi nilitoka ofisi ya mtaa na barua ya binti yangu Nasra, imeshagongwa muhuri, imebaki sahihi yangu tu aende ng'ambo kufanya kazi za ndani. Moyo haukutulia, kwa sababu Somoe, binti wa jirani yangu, alipita njia hiyo hiyo mwaka jana, na mpaka leo simu yake haipatikani. Nikajilaza mkekani, barua kifuani, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta kwenye nchi ya kuta ndefu na mlango mmoja. Wasichana wanaingia na mabegi mapya, hakuna anayetoka. Mlangoni kakaa Bwana Sihusiki, kanzu yake imejaa alama za muhuri mpaka kwenye kola, anagonga karatasi bila kuziangalia. Mwanamke mwembamba, miguu peku, akanishika mkono. Ndiye Bi Dhamiri. "Njoo usikie, Mama Nasra." Nyuma ya ukuta msichana analia, "Nipeni pasi yangu nirudi kwetu!" Lakini kila akifungua mdomo, wanawake wanapiga vigelegele, sauti yake inamezwa. "Waambie wanyamaze!" nikasema. "Waambie mwenyewe, unawajua." Kutazama, ni sisi, na kanga zile zile za sare tulizovaa siku ya kumuaga Somoe. Na wa mbele, mdomo wazi kuliko wote, ni mimi.

Nikamgeukia mwenye muhuri. "Umewauza watoto wetu!" Akacheka. "Mama, mimi nagonga tu. Sahihi ya mzazi ipo, vigelegele vipo. Kosa langu liko wapi?" Bi Dhamiri akasema taratibu, "Yeye atajibu la muhuri wake, wewe utajibu la mdomo wako." "Basi leo nautumia!" nikasema, nikapaza sauti: "Somoe! Tunakusikia!" Vigelegele vikakatika, na ukuta mzima ukaanza kutaja majina ya watu.

Nikaamka. Vigelegele vilikuwa mlangoni kwangu kweli, wamekuja kumuaga Nasra. Nikatoka, nikainua mkono.

"Mbona unatuzima, Mama Nasra? Kwani hapa sherehe au msiba?"

"Bado sijui. Muulizeni Mama Somoe."

Wote wakageuka. Mama Somoe alikuwa nyuma kabisa, kanga mdomoni.

Barua sikuitia sahihi. "Sare msizivue," nikawaambia. "Tunakwenda ofisi ya mtaa, na hatutoki mpaka watuambie Somoe yuko wapi." Mama Somoe ndiye aliyetangulia.