Maziwa ya Kutia Chai

Sotoka ilipita Unguja ikawafyeka ng'ombe, na mjini maziwa yakawa ya kutafutwa kama dawa. Serikali ikatangaza: kila mwenye ng'ombe wa maziwa atapewa bure magunia mawili ya mashudu kila mwezi, mpaka mifugo iinuke tena.

Suud bin Hashil wa Chukwani alisaliwa na ng'ombe mmoja tu, Lulu. Wanawe walikwisha hamia Maskati, na mkewe, Tamima, yuko udongoni. Kiangazi kilikuwa kikali, majani yamekwisha. Bila ya mashudu yale, Lulu ni wa mchinjaji.

Karani Abrahman akaja na daftari lake, majirani wamemfuata nyuma kama waendao harusini.

"Shikamoo, Sheikh Suud."

"Marahaba."

"Ng'ombe wako anatoa maziwa kiasi gani?"

Suud akatazama macho yale yote. Kwao neema haitajwi mbele za watu; ikitajwa, hukauka. Akajibu kama alivyokuwa akijibu mama yake, na bibi yake kabla ya hapo:

"Aa, ya kutia chai tu."

Lakini kalamu haijui hasadi. Abrahman akaandika vivyo hivyo.

Mwezi ulipoandama, magunia yakaja. Usi, jirani yake, akapata yake mawili. Suud hakupata hata kamba ya kufungia.

"Nani alikwambia useme chai?" Usi akamcheka. "Mie nlisema kata nane za maziwa, na wangu hata paka hamshibishi!"

Suud akenda mjini kwa miguu kumwona karani.

"Mimi nliandika ulichosema, sheikh wangu," alisema Abrahman. "Lakini kesho ntakuja, umkame mbele yangu. Zikitimia kata nne, nakutia daftarini."

Kesho yake watu walijaa uani. Suud akachutama, akavuta chuchu. Tone. Tone jengine. Lulu kazuia maziwa.

"Chai yenyewe kavu!" mtu akapiga kelele, ua mzima ukacheka.

Suud aliijua sababu. Kila asubuhi akimkama Lulu huzungumza, wala hazungumzi na ng'ombe. Humpa Tamima habari za nyumbani, kwa sauti, kama kwamba yuko ndani anapepeta mchele. Lulu hajapata kukamwa kwa kimya tangu azae.

Akalaza kipaji cha uso ubavuni mwa mnyama. Akinyamaza, ng'ombe amekwenda.

"Mke wangu," akaanza, "mlango wa uani nshautengeneza. Barua ya watoto haijafika. Jana nlipika wali ukashika chini, nkala ukoko peke yangu. Ungekuwepo ungenicheka..."

Kicheko kikakatika. Maziwa yakashuka, chwaa, chwaa, kata ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Abrahman aliandika bila ya kuinua uso. Usi alijifanya anaangalia minazi.

Magunia yakaja, na Lulu akanenepa. Watu wakawa wapole kwa Suud, wapole mno; wakimwamkia huteremsha sauti kama wako matangani.

Na asubuhi, akisha chutama na kusema "Mke wangu," husikia nyayo zikisimama nyuma ya ua. Au hudhani anazisikia. Basi hunyamaza. Lulu hugeuza shingo akamtazama, anangoja. Naye Suud hukama, midomo kaifumba.