Hakusema Chini

Alhamisi ya wiki ya pili ya Novemba, mwaka 1893, Honora Scannell alikuwa ameketi dirishani kwake, Mtaa wa Mfereji mjini Wexcombe, akishona vishikio vya ngozi kwenye suruali za wachezaji wa chuo wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Ngozi ilitokana na hatamu kuukuu za farasi, na uzi aliupaka nta. Kila suruali ilitiwa vishikio viwili kiunoni, ili mwenye mpira aweze kukamatwa na wenzake na kuburutwa mbele, au kurushwa juu ya vichwa vya wapinzani. Kila kishikio alikipiga mishono minane. Alipofika kwenye suruali ya mwanawe alipiga kumi na sita.

“Hicho hakitang’oka hata nikivutwa na garimoshi,” Malachy akasema, akikijaribu kwa mikono miwili.

“Kaa ule kwanza.”

“Nitakula nimesimama, Mama.”

Malachy alikuwa na miaka ishirini, na tangu Septemba hakuwa anakaa. Akila viazi na kabichi, anazunguka meza. Akizungumza, mguu unapiga sakafu. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, miaka mitatu kwenye chumba cha mashine za kuchambulia, mpaka nahodha wa timu ya chuo, Ellery Thorndike, aliposimama kwenye lango la kiwanda akamtazama mabega kama mtu atazamavyo fahali sokoni. Jumatatu iliyofuata Malachy akawa mwanafunzi wa Kigiriki. Darasani aliingia mara moja tu, akauliza choo kiko wapi, akaonyeshwa, akashukuru, akaondoka.

Jumamosi walicheza na Aldbury. Honora alisimama nyuma ya kamba pamoja na jirani yake, Bridie Cusack, ambaye mwanawe Tim alikuwa bado kiwandani. Watu wa Wexcombe walijipanga kama kabari ya kupasulia kuni, wameshikana mikono, ncha mbele, na Malachy katikati na mpira kifuani. Kisha wakaanza kukimbia.

Kwa sheria za siku zile, mchezo haukusimama mpaka mwenye mpira mwenyewe atamke, “Chini!” Akinyamaza, wenzake waliruhusiwa kuendelea kumburuta na wapinzani waliruhusiwa kuendelea kumlalia. Kabari ilipowavaa watu wa Aldbury, uwanja mzima ulisikia kishindo. Honora alisikia na sauti nyingine, ndogo, ndani ya kile kishindo, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Kichwa cha Malachy kililala kwenye bega la kushoto na hakikuinuka tena.

Hakusema chini.

Basi wakaendelea kukimbia. Ellery alikishika kishikio cha kulia, mtu mwingine cha kushoto, na Malachy akaenda nao, ncha za viatu zikichora mistari miwili kwenye nyasi. Walivuka mstari wa goli, lakini bao halikuhesabiwa bila mpira kugusishwa ardhini, na mikono ya Malachy ilikuwa imeukumbatia kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuuchomoa. Mwamuzi, Bwana Lathrop, alitia filimbi mdomoni, akafikiri, akaitoa. Kabari ikapasua ua wa mbao, ikateremka Mtaa wa Kanisa na watu watatu wa Aldbury wakining’inia nyuma yake, mmoja wao akisomea uchungaji. Mwamuzi akashika kofia yake akawafuata.

Kabari haikati kona kali. Iliuzunguka mji mzima kwa mkunjo mpana: daraja la kiwanda, Mtaa wa Mfereji, kilima cha makaburi, halafu ikarudi chuoni, ambako iliikosa milingoti ya goli kwa hatua arobaini, ikaanza upya. Jumapili kabari ilikuwa bado inakwenda. Jumatatu ilikuwa inakwenda. Mtaa wa Mfereji ilipita saa nane na robo mchana, kila siku, na kufikia Jumatano wakazi walikwisha zoea kufungua mageti ya nyuma na kuanua nguo mapema. Muuza maziwa alibadili njia. Profesa wa Kilatini alikimbia pembeni yao akiwasomea ili wasipitwe na masomo. Wanawake waliwatilia mikate mdomoni wakipita.

Daktari wa chuo aliwaendea kwa baiskeli, akamshika Malachy kifundo cha mkono huku wakipita nyumba nne.

“Mapigo hakuna,” akamwambia Honora alipopunguza mwendo mbele ya geti lake. “Ila mchezo ungali unaendelea, Bi Scannell. Mimi kazi yangu inaanza ukisimama.”

Siku ya tano Honora alivua aproni, akakunja mikono ya gauni, na kabari ilipofika akaanza kukimbia nayo. Alikuwa na miaka arobaini na sita na pumzi ya mtu anayefanya kazi ameketi. Alimfikia Ellery Thorndike kwenye duka la seremala.

“Kapteni, muache mwanangu.”

“Shikamoo, Mama. Siwezi, Mama.” Ellery alikuwa kijana mwenye adabu, angalikuwa na kofia angaliivua. “Tukimwachia sasa, Aldbury wanachukua mpira.”

“Amekufa!”

“Hajasema chini.”

“Atasemaje na shingo imevunjika?”

Ellery alilitafakari hilo kwa hatua kadhaa. “Ndiyo uzuri wake, Mama,” akasema hatimaye, na kwa sauti yake alikuwa anamsifu kwa dhati. “Mtu mwingine angekwisha kata tamaa.”

Wakamwacha hapo, ameshika mbavu, matope hadi magotini.

Asubuhi iliyofuata alivaa kofia ya kanisani akaenda kwa mkuu wa chuo. Mkuu alimpa kiti na chai. Magazeti ya Boston, akamweleza, yalikuwa yanahesabu vijana waliouawa na mchezo huu mwaka ule, na watu wazito walitaka upigwe marufuku. Wexcombe, kwa neema ya Mungu, haikuwa na hata mmoja.

“Yupo mmoja. Amepita dirishani pako sasa hivi.”

Mkuu alitazama dirishani. Kabari ilikuwa inatokomea nyuma ya maktaba.

“Yule anacheza, Bi Scannell,” akasema kwa upole. “Na anacheza vizuri.”

Padri Moynihan naye alikuna kidevu. Kuzika angezika, akasema, tena bure na kwa nyimbo, lakini liturujia haikuwa na sala ya kumzika mtu anayekimbia. “Niletee akiwa amelala, Mama Malachy. Amelala tu. Hayo mengine niachie mimi.”

Honora alirudi nyumbani, hakukaa. Aliizunguka meza. Usingizi ulimpa mgongo. Akilala, miguu inakwenda chini ya blanketi. Mchana alijizoeza kukimbia kando ya mfereji, kutoka daraja hadi daraja, sketi ameifunga kiunoni kwa kamba, na wafumaji kiwandani wakimpigia miluzi madirishani.

“Utakufa wewe,” Bridie Cusack akamwambia. “Mtoto wako anasemwa mji mzima kama shujaa, na wewe wakimbia kama mbuzi aliyekata kamba.”

“Shujaa hana sanduku, Bridie. Hana hata shimo.”

Jumamosi, wiki mbili kamili tangu mechi ianze, alisubiri getini akiwa na mkasi wake mkubwa wa kukatia turubai. Saa nane na robo ardhi ikaanza kutikisika. Aliwaacha wampite, akaingia kati ya wale watatu wa Aldbury, ambao walimpisha, akakimbia ndani ya kabari, penye joto na harufu ya jasho la wiki mbili. Kwa mara ya kwanza alimwona mwanawe kwa karibu. Nywele zake, alizozifuga ndefu ili zimkinge kichwa, zilikuwa zimeshikana kwa matope. Uso ulikuwa umetulia kuliko alivyopata kuuona tangu Septemba.

Kishikio cha kushoto, ambacho uzi wake ulikuwa umelika kwa wiki mbili, kilikatika upesi. Cha kulia kilikataa. Mishono kumi na sita. Aliikata mmoja mmoja, akikimbia, akilia, akijilaani kwa Kiairishi, na Ellery akikaza mkono kwenye kishikio hicho hicho akisema, “Tafadhali, Mama. Mama, tafadhali.” Uzi wa mwisho ulipoachia, Honora aliweka kiganja chake juu ya mikono ya mwanawe, na ile mikono ikalegea.

Malachy akalala barabarani. Mpira haukugusa ardhi. Ellery aliudaka ukiwa bado hewani, akamtupia aliyekuwa nyuma yake, na kabari ikapita juu ya mama na mwana bila kuwakanyaga, ikatokomea kwenye kona ya mfereji.

Alizikwa Jumatatu, kwa nyimbo. Karani wa mji alikataa kuandika cheti cha kifo, kwa kuwa chuo kilikuwa kimemletea barua ya kumkataza. Katika daftari lake aliandika: *ametoka mchezoni kwa hiari ya familia*. Kwa hiyo jiwe la Malachy lina mwaka wa kuzaliwa peke yake, na mbele yake nafasi iliyosawazishwa vizuri na fundi.

Masika yale wakubwa wa mchezo walikutana New York, wakapiga marufuku kabari. Wexcombe walishangilia sana. Ila sheria mpya, mkuu wa chuo akafafanua, ilihusu michezo itakayoanza baada ya siku ile. Uliokwisha anza una haki ya kumalizika kwa sheria zilizouanzisha. Bwana Lathrop, ambaye sasa alikuwa amepewa farasi, alikubaliana naye.

Chuo kilimletea Honora suruali nyingine za kutia vishikio. Akazirudisha. Kesho yake aliziona dirishani kwa Bridie Cusack.

“Usinitazame hivyo,” Bridie akasema. “Nisiposhona mimi, atashona mwingine. Na mwanangu nataka ashonewe na mtu anayemjua.”

Tim Cusack aliingia kwenye kabari mwezi wa Mei. Aliirukia ikiwa inapita kiwandani, akapokewa kwa vifijo, akapewa mpira. Sasa naye alikuwa mwanafunzi wa Kigiriki.

Mchana ule, saa nane na robo, Honora alikuwa getini. Tim alikuwa katikati, mwekundu usoni, macho yanang’aa, Ellery ameshika kishikio kimoja, na damu mbichi inamtiririka Tim sikioni.

“Sema chini, Tim!” Honora akapiga kelele, akikimbia sambamba naye. “Unao mdomo! Sema, mwanangu, neno moja tu!”

Tim alimgeukia. Alimsikia vizuri. Akacheka, akaukaza mpira kifuani.

“Bado, Mama!” akajibu. “Bado kidogo tu!”

Na Bridie, kwenye geti la pili, akapiga makofi.